Mashine ya kusaga kahawa nyumbani: namna ya kuichagua ukiwa Bukavu

Ukishika mashine ya kusaga kahawa dukani, kabla ya kuuliza bei chomoa mpini wake, kamata ncha ya mhimili (fimbo ya katikati inayozunguka) kwa vidole viwili, usukume kushoto na kulia. Mhimili ukicheza, irudishe mezani. Rangi, idadi ya hatua za usagaji zilizoandikwa kwenye boksi, nguvu ya mota, yote yanafuata baada ya jaribio hilo la sekunde tano. Mashine ambayo jino lake la ndani, lile linalozunguka na kusaga, linayumba haisagi sawasawa, hata ungeiwekea meno ya chuma cha bei gani.

Mwongozo huu ni wa mtu anayesaga nyumbani, vikombe viwili hadi sita kwa siku, Bukavu au mji mwingine wa Kivu. Mji una uzito katika uchaguzi huu. Kahawa ya hapa ni Arabika ya milimani, ya Kabare, Kalehe, Idjwi na pande nyingine za ziwa, na punje ya milimani ni ngumu kuliko ya bondeni. Umeme hupanda na kushuka. Kahawa ya kupima kwa kopo sokoni mara nyingi imeanikwa chini, kwa hiyo inakuja na changarawe. Mashine nzuri ya mtu wa Paris inaweza kuwa mashine mbaya ya mtu wa Kadutu hapa Bukavu.

Hatua ya 1: Anza na chombo unachopikia

Usinunue mashine kwa ajili ya "kahawa" kwa jumla. Nunua kwa ajili ya chombo ulicho nacho jikoni.

Kahawa ya kuchemsha sufuriani na kuachwa itulie, au ya kafetiere ya kusukuma, inataka chembe kubwa, karibu milimita 0.8 hadi 1.2, kama chumvi ya mawe iliyopondwa. Chujio la karatasi au la kitambaa linataka milimita 0.5 hadi 0.8, kama mchanga wa mtoni. Kafetiere ya Kiitaliano ya kuweka jikoni, ile ya vyumba viwili inayopandisha maji juu, inataka laini zaidi, milimita 0.35 hadi 0.6. Espreso iko chini ya hapo, kati ya milimita 0.2 na 0.4, na kahawa ya Kituruki ni vumbi kabisa.

Jambo moja husahaulika. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na kwenye kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi joto 95 hivi, si 100. Maji yasiyo moto sana hunyonya kahawa polepole. Kwa hiyo vipimo vya usagaji ulivyovikuta kwenye karatasi ya maelezo kutoka Ulaya, hapa shuka hatua moja au mbili upande wa laini. Mtu anayelalamika kwamba kahawa yake ina uchachu na haina mwili (uzito mdomoni) mara nyingi hana kosa lingine zaidi ya hilo.

Kama hupiki espreso, usilipie mashine ya espreso. Pesa hiyo iende kwenye mhimili na beringi zinazoushika.

Hatua ya 2: Ondoa mezani zisizofaa

Zile mashine ndogo za umeme zenye kisu kinachozunguka ndani ya kikombe ndizo zinazojaa kwenye kenkayeri (maduka ya vifaa) kwa sababu ni za bei rahisi. Hazisagi, zinakatakata. Punje iliyo karibu na kisu inageuka vumbi huku iliyorushwa pembeni ikibaki nusu. Ukipika, vumbi linatoa uchungu kwa kunyonywa kupita kiasi na vipande vinatoa uchachu kwa kutonyonywa, vyote ndani ya kikombe kimoja. Hakuna namna ya kupanga ukubwa isipokuwa kukisia muda. Kama ndiyo uliyo nayo, bonyeza sekunde mbili, acha, tikisa, bonyeza tena, mara nane hadi kumi, halafu pitisha kwenye chekeche. Inasaidia kidogo.

Ya pili ni ile mashine nzito ya chuma cha kumimina, ya kufunga mezani kwa skrubu, ya mahindi, soya na karanga. Watu wengi wanaisagia kahawa, na kwa kahawa ya kuchemsha inatosha. Shida zake ni mbili: sahani zake zinashikwa na skrubu moja tu, kwa hiyo zinalala upande, na chuma chake kinapata kutu na kushika mafuta ya karanga. Ikiwa ndiyo chaguo lako, nunua ya kahawa peke yake, isiguse karanga hata siku moja.

Kinu na mchi? Kwa Kituruki na kwa kuchemsha, mkono wenye uzoefu unashinda mashine ya kisu. Hilo tunalisema bila mzaha.

Hatua ya 3: Meno

Mashine ya kweli ina vipande viwili: pete ya nje isiyosogea na jino la ndani linalozunguka. Kahawa inapita katikati na kutoka pale tu inapokuwa ndogo kuliko nafasi iliyoachwa. Jino la ndani likiwa na umbo la koni, punje inashuka yenyewe kwa uzito wake, na mkono hauchoki sana. Vikiwa sahani mbili bapa zinazotazamana, kahawa inasukumwa nje kwa mzunguko, kwa hiyo zinahitaji mota. Kwa mashine ya mkono chukua koni, usipoteze muda kwenye mjadala huo.

Kipenyo cha meno ndicho cha kuuliza. Milimita 38 ndicho kipimo cha kawaida cha mashine za mkono za bei ya kati. Milimita 47 au 48 ni za daraja la juu. Kwa gramu 20 za chujio, koni ya chuma ya milimita 48 inamaliza chini ya dakika moja. Seramiki ndogo itakuchukua dakika mbili na zaidi, na kwa kahawa iliyokaangwa kidogo utabadilisha mkono njiani.

Kuhusu seramiki na chuma, ushauri unaozunguka ni kwamba seramiki hudumu zaidi kwa sababu haichakai. Ni kweli haichakai na haipati kutu. Lakini inameguka. Changarawe moja ndogo kuliko punje ya mtama inatosha kung'oa ukingo wa jino la seramiki, na kipande hicho kinaingia kwenye kahawa yako. Chuma kikipigwa na jiwe kinapata kovu tu, kinaendelea kusaga. Kwa kahawa yetu ya sokoni, chukua chuma.

Chuma chenyewe kijaribu kwa sumaku, hata ile ya kipaza sauti cha redio iliyokufa. Chuma cha pua kinachoweza kufanywa kigumu kwa moto, cha jamii ya visu, kinanaswa na sumaku. Jino lisilonaswa kabisa ama ni aloi ya zinki iliyomiminwa na kupakwa mng'aro, ama ni chuma laini cha masufuria. Kunaswa peke yake si cheti cha ubora, ila kutonaswa ni sababu tosha ya kuacha. Kisha pitisha ukucha kwenye kingo za meno: jino lililochongwa na mashine linakwaruza ukucha, lililomiminwa linateleza.

Hatua ya 4: Mhimili na vinavyoushika

Hapa ndipo pesa inapojificha, na ndipo muuzaji hana la kukuonyesha kwa sababu halionekani.

Fungua mashine. Kwenye mashine rahisi, mhimili unapita kwenye tundu moja la plastiki juu, na chini unaning'inia pamoja na jino la ndani, ukivutwa na springi. Ukiikaza kwa kusaga laini, springi inabana na kila kitu kinakaa katikati kidogo. Ukiilegeza kwa kusaga chembe kubwa, jino linashuka, nafasi inaongezeka, na jino linaanza kuyumba kama ulimi wa kengele. Upande mmoja nafasi ni milimita 0.6, upande wa pili 1.4. Ndiyo maana mashine hizo zinaweza kutoa kahawa laini inayokubalika na zikashindwa kabisa kwa kafetiere ya kusukuma, jambo linalowashangaza wengi wanaodhani kusaga chembe kubwa ni kazi nyepesi.

Mashine iliyotengenezwa vizuri ina beringi mbili za gololi, moja juu ya meno na nyingine karibu na mpini, zikiwa mbali moja na nyingine kadiri mwili wa mashine unavyoruhusu. Beringi mbili zilizokaribiana hazisaidii kama mbili zilizoachana. Kinachozishika kiwe chuma au alumini iliyochongwa. Kishikio cha plastiki kinapinda unapokutana na punje ngumu, hata kama beringi ni nzuri.

Jaribu hivi ukiwa dukani, mashine ikiwa tupu:

1. Kaza kirekebishi (sehemu inayopanga ukubwa wa chembe) polepole hadi mpini, mashine ikilazwa ubavu, usisogee tena kwa uzito wake. Hapo meno yamegusana, ndiyo sifuri.
2. Rudisha hatua moja, kisha zungusha mpini polepole sana na usikilize.
3. Meno yakikwaruza sehemu ile ile moja kwa kila mzunguko, "krr... krr... krr", jino limelala upande mmoja. Yakikwaruza mzunguko mzima sawasawa, yako katikati ila bado yamebana tu. Rudisha hatua nyingine na mlio uishe wote kwa pamoja.
4. Legeza hadi chembe kubwa na utikise mhimili tena. Ulivyotulia kwenye sifuri ndivyo utulie hapa.

Ukiona mlio wa upande mmoja unaisha baada ya hatua tatu au nne, mashine inafaa kwa kuchemsha na kafetiere ya kusukuma, haifai kwa espreso. Ukiendelea hadi hatua kumi, usinunue.

Hatua ya 5: Kirekebishi

Boksi likiandika "hatua 60" halijakuambia kitu. Kinachohesabika ni umbali wa kila hatua. Hesabu ni rahisi: chukua umbali ambao skrubu inapanda kwa mzunguko mmoja, gawanya kwa idadi ya mibofyo ya mzunguko huo. Skrubu inayopanda milimita 0.8 yenye mibofyo 32 inasogea milimita 0.025, yaani mikroni 25, kwa kila mbofyo. (Nafasi kati ya meno hubadilika pungufu ya hapo, kwa kuwa ukuta wa koni uko mshazari.) Kwa chujio na kafetiere, hatua ya mikroni 25 hadi 50 inatosha kabisa. Espreso inataka 10 hadi 20, la sivyo unajikuta hatua moja inaziba maji na inayofuata inayaachia yakimbie.

Mibofyo iwe na nguvu ya kutoshikwa na mtikisiko. Zungusha mpini kwa kasi mara ishirini bila kahawa, kisha hesabu tena hadi sifuri: namba ikibadilika, kirekebishi kinajilegeza chenyewe. Kirekebishi cha nje, kinachozungushwa kama pete juu ya mwili, ni rahisi kwa nyumba yenye watu wanaokunywa tofauti. Cha ndani, chini ya jino, kina sehemu chache za kuharibika. Kama wewe hupika aina moja tu, chukua cha ndani.

Hatua ya 6: Mwili na mpini

Mwili wa kipenyo cha sentimita 5 hivi unakaa kiganjani, ukizidi 6 mwenye mkono mdogo ataukumbatia kifuani. Uwe na mikwaruzo ya kuzuia kuteleza au pete ya mpira. Mpini wa sentimita 15 kutoka mhimilini hadi kwenye kifundo unapunguza nguvu unayotumia kwa moja ya tano ukilinganisha na wa sentimita 12, na kwa punje za Kivu hiyo si tofauti ndogo. Angalia tundu la mpini: pembe tano au sita za chuma ndani ya chuma. Tundu la plastiki linakuwa duara kabla ya mwaka kwisha, na mpini unazunguka bila mhimili.

Ujazo wa gramu 20 hadi 30 unatosha. Gramu 15 ni kikombe kikubwa cha mililita 250.

Hatua ya 7: Ukitaka ya umeme

Soma kibandiko cha chini kwanza. Kiwe na volti 220 hadi 240 na hezi 50. Mashine ya Marekani ya volti 120 na hezi 60 inahitaji transfoma, na hata ikipata transfoma, mota yake, ikiwa ya induksheni (ile ambayo kasi yake hufuata hezi), itazunguka polepole kwa moja ya sita na kupata joto zaidi, kwa sababu transfoma haibadilishi hezi.

Kisha fikiria umeme wenyewe, sio ule wa kwenye karatasi. Jioni, mtaa mzima ukipika, volti zinaweza kushuka sana. Nguvu ya kuzungusha ya mota ya aina hiyo hushuka kwa mraba wa volti: kwenye volti 160 inabaki kama nusu tu. Mota inanguruma, jino limekwama kwenye punje, koili zinachemka, na ndani ya dakika moja unasikia harufu ya vanishi. Zima papo hapo, toa kahawa, usibonyeze tena "labda itashika". Mashine iwe na kikata joto kinachoizima yenyewe.

Chaguo linalovumilia zaidi hapa ni mashine yenye mota ya umeme wa mkondo mnyoofu (DC) na adapta ya nje iliyoandikwa volti 100 hadi 240. Adapta hiyo inameza kupanda na kushuka, na ikiungua unabadilisha adapta badala ya mashine. Wenye sola waangalie invata: mota ya wati 150 inaweza kudai mara tatu au nne ya hapo inapoanza, na invata ya bei rahisi inayotoa wimbi la ngazi huifanya ingurume na kupata joto. Zilizo na betri za kuchajiwa zinakwepa mambo hayo yote, ila uliza kama betri inafunguka.

Mengine ya kuangalia: mzunguko wa polepole, mara 400 hadi 600 kwa dakika kupitia gia, hauchemshi kahawa na hauleti umemetuli mwingi. Gia ya plastiki isikutishe. Baadhi ya watengenezaji huiweka makusudi ili jiwe likiingia ivunjike gia ya bei ndogo, iokoke mota. Swali ni kama gia hiyo inauzwa peke yake. Encore ya Baratza, yenye koni ya milimita 40 na hatua 40, imejijengea jina kwa sababu hiyo zaidi ya ladha: vipuri vyake vinauzwa kimoja kimoja. Mashine iliyofungwa kwa gundi au kwa riveti haina fundi, si Bukavu wala kwingine.

Kama nyumba yako hupata umeme kwa zamu, tunashauri ya mkono bila kusita.

Hatua ya 8: Jaribio la karatasi nyeupe

Nenda dukani na gramu 20 za kahawa uliyoizoea. Saga 10 kwenye kila mashine unayoilinganisha, kwa ukubwa wa chujio. Mwaga kwenye karatasi nyeupe, tandaza kwa kisu, tazama kutoka ubavuni. Unatafuta vitu viwili: mawe, yaani vipande vinavyozidi wenzao mara mbili, na vumbi linalobaki limeganda kwenye karatasi ukiimwaga kahawa. Vyote viwili vipo kwenye kila mashine. Nzuri inavyo vichache. Ukiwa na chekeche la unga, tikisa kila fungu sekunde 30 kwa chekeche lile lile na ulinganishe kilichopita chini.

Pima pia kilichotoka. Ulitia gramu 10, ukipata 8.5, gramu moja na nusu imebaki ndani na kesho utainywa ikiwa imechakaa. Mashine ya mkono isibakize zaidi ya nusu gramu.

Baada ya kununua

Changarawe zitoe kabla, na wakati mzuri ni baada ya kukaanga. Punje ikikaangwa inavimba na kupungua uzito, jiwe linabaki lilivyo. Weka kahawa kwenye ungo ulioinamishwa kidogo, gonga ukingo taratibu: kahawa inatangulia, mawe yanabaki nyuma. Mpini ukigoma ghafla wakati wa kusaga, usilazimishe. Geuza kinyume, legeza hatua kumi, mwaga yote. Mbichi usisage hata punje moja, na iliyokaangwa ambayo haivunjiki ukiing'ata ihesabu kuwa mbichi.

Kiangazi, Juni hadi Agosti, hewa ikikauka unga unarukia kila mahali na kung'ang'ania kikombe. Tone moja la maji kwenye punje, uzitikise kabla ya kusaga, linaondoa hilo. Tone, si kijiko.

Usafi ni brashi kavu kila wiki. Maji yasiguse meno ya chuma wala beringi. Mchele mkavu wa "kusafishia" ni mgumu kuliko kahawa iliyokaangwa na unabana beringi bure, kwa hiyo uachie chakula. Ukifungua yote, panga vipande kwenye taulo kwa mpangilio ule ule vilivyotoka na upige picha kwa simu kabla ya kugusa springi, maana kuna washa (pete bapa) moja nyembamba chini yake ambayo ikisahaulika, au ikiwekwa juu badala ya chini, sifuri yako inahama hatua kadhaa. Rudisha, tafuta sifuri upya, kisha hesabu mibofyo kutoka hapo. Namba ya zamani haina kazi tena.